Chemirocha: Wimbo wa Mississippi Uliopata Wenyewe Kapkatet

Mwaka 1950, huko Kapkatet, jirani na Litein katika nchi ya Wakipsigis, Kenya, kundi la wasichana liliimba mbele ya maikrofoni ya mgeni. Aliyewaongoza aliitwa Chemutoi Ketienya. Chini ya sauti zao kinalia kinanda cha nyuzi kinachorudia mzunguko mmoja bila kuchoka, na juu ya mlio huo wasichana wanaita jina moja: Chemirocha. Wimbo wenyewe ni mfupi, na hauhitaji kuwa mrefu. Jina wanaloliita ni la Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Mississippi, Marekani, ambaye wakati huo alikuwa amelala kaburini miaka 17.

Mimi ni fundi wa redio na gramafoni hapa Nakuru. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya maduka, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kila chombo cha muziki kina ukoo wake, na kwamba fundi asiyejua ukoo huo hutengeneza nusu ya kitu. Mama yangu alizaliwa Londiani. Kikipsigis ndicho nilichosikia kabla ya lugha nyingine yoyote. Kiswahili nilikipata mitaani, kama watoto wote wa Nakuru. Hadithi ya Chemirocha nimeisoma na kuisikia ikisimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara inasimuliwa kwa kuchekesha: eti watu wa porini walisikia sahani ya santuri, wakadhani mwimbaji ni nusu mtu nusu mnyama. Naandika kwa sababu naamini kisa hiki kimesimuliwa kutoka upande wa mbali. Chemirocha ni wimbo wa Wakipsigis. Waliutunga watu waliojua walichokuwa wakifanya, na nafasi yake ni katika historia ya muziki wa Kenya.

Tuanze na mwenye jina. James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na mji anaohesabiwa kuwa wake ni Meridian, Mississippi. Baba yake alikuwa mnyapara wa reli, na kijana naye akaingia relini, akawa mtu wa breki kwenye treni. Kazi ya reli kusini mwa Marekani ilifanywa kwa wingi na vibarua weusi. Walitindua mawe, walipiga mataruma, na waliimba. Rodgers alikulia karibu na nyimbo zao, akazoea mwendo wa bluzi na namna ya kulikamata gitaa kabla hajajulikana na mtu yeyote. Mwaka 1924 madaktari walimkuta na kifua kikuu. Ugonjwa ukamwondoa relini, na muziki aliokuwa akiucheza kwa mapenzi ukawa ndio riziki.

Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol, Tennessee, alirekodi kwa mara ya kwanza kwa kampuni ya Victor, mbele ya Ralph Peer. Sahani hiyo ya kwanza ilimpatia pesa kidogo na jina dogo. Tarehe 30 Novemba mwaka huohuo aliingia studio huko Camden, New Jersey, akarekodi wimbo ulioitwa “Blue Yodel”. Ulipotoka madukani mwanzoni mwa 1928, ulinunuliwa kwa mamia ya maelfu. Ndani yake aliunganisha mambo mawili: bluzi ya watu weusi, na yodeli, ile sanaa ya kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi kichwani na kuirudisha. Baadaye alitoa mfululizo wa nyimbo za namna hiyo hadi zikafika 13. Ya tisa aliirekodi Hollywood mwezi Julai 1930, Louis Armstrong akipuliza tarumbeta na Lil Hardin Armstrong akiwa kwenye piano. Rodgers alifariki New York tarehe 26 Mei 1933, siku mbili tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho, akiwa na umri wa miaka 35.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu moja. Wanaosimulia kisa cha Kapkatet husema muziki wa mzungu ulifika Afrika. Lakini muziki ule, kabla haujapanda meli, ulikuwa tayari umepitia mikononi mwa wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Marekani kwa minyororo. Wasichana wa Kapkatet waliposikia katika sahani ile kitu wanachoweza kukijibu, sioni ajabu. Kilikuwemo.

Sasa njia ambayo sauti hiyo ilipita hadi Kapkatet. Gramafoni ya zamani haihitaji umeme hata chembe. Unazungusha mkono, springi ya chuma iliyojiviringa ndani ya pipa lake inajikaza, na inapojifungua taratibu ndiyo inayoizungusha sahani. Ndani kuna gavana, vipande vitatu vya uzito vinavyozuia mwendo usizidi mizunguko 78 kwa dakika. Sindano inapopita mferejini hutetemesha utando mwembamba wa ulanga, na tarumbeta huikuza sauti. Ni hivyo tu. Nimezifungua mashine za aina hiyo zilizotoka Molo, Njoro, Subukia na Ol Kalou, na kila mara nastaajabia jinsi watengenezaji walivyofikiria mahali pasipo na kitu. Chombo kama hicho kingeweza kubebwa hadi juu ya kilima chochote kikalia. Ulichotakiwa kuwa nacho ni mkono, sindano mpya, na sahani isiyovunjika. Hilo la mwisho lilikuwa gumu, maana santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wadogo wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Ukiiangusha, umeipoteza. Kila upande ulibeba dakika tatu au zaidi kidogo.

Biashara ya sahani ilikuwa imeshaliona soko letu. Mwezi Machi 1928, wakati “Blue Yodel” ndiyo kwanza inachangamkiwa Marekani, Siti binti Saad wa Zanzibar na wenzake walikuwa Bombay wakirekodi nyimbo za Kiswahili kwa lebo ya His Master's Voice. Sahani zao zilitembea na wafanyabiashara wa Kihindi kutoka pwani hadi bara, duka kwa duka. Sahani za Rodgers nazo zilichapishwa upya Uingereza kwa lebo ya Zonophone, kisha Regal Zonophone, na kutoka huko zikafuata njia za dola kwenda makoloni. Hivyo basi katika miaka ya 1930 sanduku moja la mbao lingeweza kuimba kwa sauti ya Siti asubuhi na kwa sauti ya Rodgers jioni.

Bonde la Ufa lilikuwa na milango mingi ya kupitishia sanduku hilo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na ikamalizikia Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901. Kati ya hapa na kule kulikuwa na stesheni za Njoro, Elburgon, Molo, Londiani, na Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Walowezi walishusha samani zao kwenye stesheni hizo, na gramafoni ilikuwa samani. Wakipsigis wengi waliishi kwenye mashamba ya walowezi wakichunga na kulima kwa mkataba, wakisikia kilichokuwa kikilia barazani. Kericho, kuanzia katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifungua mashamba ya chai yaliyokusanya vibarua wa makabila yote. Kulikuwa pia na misheni. Willis Hotchkiss, Mmarekani, alifika nchi ya Wakipsigis mwaka 1905. Baadaye Africa Inland Mission, ambayo asili yake ni Marekani, ikajenga kituo Litein, hatua chache kutoka Kapkatet. Simulizi inayorudiwa zaidi yasema wamishonari ndio waliowachezea watu sahani za Rodgers. Vita Kuu ya Pili nayo ilichukua vijana wa Bonde la Ufa hadi Ethiopia na Burma wakiwa askari wa King's African Rifles, na wengi walirudi na masikio mapya.

Mimi ninayeshika vyombo hivi naweza kuongeza jambo moja. Sahani haifanyi watu watunge wimbo kwa kusikika mara moja. Sauti ya Rodgers ilirudiwa na kurudiwa Kapkatet, mpaka watu wakaijua ndani nje, wakaizoea, wakachoka kuisikiliza tu na kutaka kuitendea jambo. Nimeona santuri zilizochezwa namna hiyo. Mfereji hugeuka kijivu, na mahali watu walipopapenda zaidi ndipo palipolika zaidi.

Basi ni jambo gani walilolitenda? Wakipsigis walikuwa na kinanda chao, chepkongo, chenye bakuli lililowambwa ngozi na nyuzi 6. Mpigaji hukikumbatia, akaukamata mzunguko mfupi wa noti na kuurudia huku akiimba au wengine wakiimba. Mtu aliyekulia na chepkongo akisikia gitaa likipigwa peke yake chini ya sauti ya mtu mmoja, hahitaji mkalimani. Anamtambua fundi mwenzake. Kulikuwa pia na ngoma ya kuruka, inayojulikana kwa kila Mkipsigis, ambapo mwili hunyooka na kupaa wima. Kila ninaposikiliza yodeli ya Rodgers, ile sauti inayoruka ghafla na kutua, naelewa kwa nini watu wa ngoma hiyo walimwona kuwa mchezaji. Walimsikia akiruka.

Jina likafuata. Jimmie Rodgers likawa Chemirocha, likaanza kama yanavyoanza majina mengi ya Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni sehemu yao, na likakaa vizuri kinywani. Kuanzia hapo mtu wa Meridian alikuwa na jina la kuitwa katika wimbo, na katika nyimbo za kwetu anayeitwa kwa jina lazima ajibu. Watamsifu, watamchokoza, watamwambia acheze.

Hugh Tracey ndiye mgeni aliyekuwa na maikrofoni. Alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaenda Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kusaidia shamba la tumbaku la kaka yake, na huko akajifunza Kishona pamoja na nyimbo za watu aliofanya nao kazi. Alitumia maisha yake yote kurekodi muziki wa Afrika kusini ya Sahara, kutoka Afrika Kusini hadi Kongo na Uganda. Alisafiri na gari lililojaa mitambo na jenereta. Jenereta aliiweka mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye kazi, akavuta waya mrefu hadi walipo waimbaji. Maikrofoni hakuisimamisha kwenye mti kisha akaketi. Aliishika kwa mkono wake, akasogea nayo kutoka kwa mwimbaji kwenda kwenye chombo na kurudi. Ukisikiliza rekodi zake kwa makini unausikia ukaribu huo. Kwa ufundi huo namvulia kofia. Ni yeye pia aliyerekodi George Sibanda wa Bulawayo, na mwaka 1952 akamrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, kwa gitaa ambalo wapigaji wa Kenya walilisikiliza na kujifunza kwalo.

Kapkatet hakurekodi Chemirocha moja. Alirekodi tatu, na katika orodha zake zimepewa namba: I, II na III. Za mwanzo ni za wanaume, mmoja wao Cheriyot arap Kuri na kundi lake. Ya tatu ndiyo ya Chemutoi Ketienya na wasichana. Huu ndio ushahidi ninaousimamia. Kijiji kimoja, ziara moja, nyimbo tatu za jina moja, wanaume wakiwa na namna yao na wasichana na yao. Ingekuwa ni watu wachache waliosikia kitu wakakikosea, tungekuwa na wimbo mmoja wa ajabu. Nyimbo tatu maana yake jambo lilikuwa limeenea, kila kundi likitaka toleo lake, kama ilivyo kwa wimbo wowote unaovuma. Chemirocha ilikuwa imeshavuma Kapkatet kabla gari la Tracey halijafika. Yeye alikuta sherehe imeanza.

Katika maelezo aliyoyaandika kuhusu wimbo wa tatu, Tracey alisema Chemirocha amegeuzwa kiumbe nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya swala, na kwamba wasichana wanamhimiza aicheze ile ngoma ya kuruka kwa nguvu mpaka aruke nje ya nguo zake. Sentensi hizo ndizo zilizouzungusha wimbo duniani. Wasomaji wa Ulaya na Marekani walizipenda, na wengi wakazisoma kana kwamba zinaeleza imani: watu wa kilimani wameanza kumwabudu mwimbaji wa sahani.

Mimi nasoma vingine. Kila ukoo wa Wakipsigis una mnyama wake, tiondo, anayeutambulisha. Mtu wa ukoo huu ni wa simba, yule ni wa tembo, mwingine ni wa nyuki. Katika jamii hiyo, kumhusisha mtu na mnyama hakumtoi ubinadamu. Kunamweka mahali. Rodgers alikuwa mtu asiye na ukoo, asiye na rika, asiye na kwao palipojulikana, sauti iliyotoka sandukuni. Wasichana walimpa miguu ya swala, mnyama anayeruka kuliko wote, naye alikuwa ndiye mwimbaji anayeruka kuliko wote. Nauona huo kuwa usikivu mkubwa sana. Na mwito wa kuruka mpaka nguo zimtoke? Nilipomweleza mama maneno hayo alicheka kwa furaha, akaniambia kuwa hivyo ndivyo wasichana wa zamani walivyowachokoza vijana waliojiona kuwa wachezaji hodari. Ni mzaha wa wasichana wakiwa pamoja, wana sauti nzuri, na wanajua mvulana anasikiliza. Mwimbaji maarufu wa Marekani walimpa heshima ileile waliyompa kijana wa kijiji cha pili, wakamchokoza.

Baada ya hapo njia mbili ziligawanyika. Rekodi zilikwenda Afrika Kusini. Mwaka 1954 Tracey alianzisha International Library of African Music huko Roodepoort, na nyimbo alizokusanya zikatolewa katika mfululizo wa “Sound of Africa”, sahani 210 zilizokusudiwa vyuo na maktaba. Tracey alifariki mwaka 1977, na mwaka uliofuata maktaba ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao leo unaitwa Makhanda, chini ya mwanawe Andrew. Chemirocha III ikapata wasikilizaji nchi za mbali, watu waliolia kwa uzuri wake bila kujua Litein iko upande gani.

Njia ya pili ilibaki hapa, na haikuhitaji maktaba ili iendelee. Gitaa lilichukua nafasi pembeni ya chepkongo. Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et waliimba Kikalenjin juu ya mapigo ya benga, na magitaa yao yanazunguka kwenye noti chache zinazorudi palepale, kwa subira ileile ya kinanda cha nyuzi 6. Mjini Kericho, duka la Chandarana lilikuwa zaidi ya duka. Lilirekodi na kutoa sahani ndogo za mizunguko 45 za wanamuziki wa Kikipsigis, wa Kijaluo na wengineo, na santuri zake zilinifikia hapa kwenye meza yangu zikiwa na majina ya vijiji ambavyo hakuna studio ya Nairobi ingevikumbuka. Miaka 25 tu baada ya Tracey, wimbo wa mtu wa Kericho ungeweza kurekodiwa, kuuzwa na kuchezwa bila kuondoka kwanza kwenda ng'ambo.

Mapenzi ya muziki wa wana wa Rodgers nayo hayakufa. Mtu yeyote aliyeishi Nakuru anajua jinsi mji huu unavyompenda Jim Reeves, Charley Pride, Dolly Parton na Kenny Rogers. Kipindi cha “Sundowner” cha KBC kiliwalea watu wengi kwa nyimbo hizo za taratibu. Wateja wangu wa Bahati, Rongai na Mau Narok waliniletea redio wakiniomba niiokoe kabla ya jioni, ili wasikose kipindi hicho. Wageni huuliza kwa nini wakulima na wafugaji wa Kenya wapende nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani. Swali hilo halinisumbui. Nyimbo hizo ni za mtu aliyeacha kwao akafuata kazi, za treni, za mama aliyebaki nyuma, za shamba lililopotea. Bonde la Ufa lilijengwa na watu wa namna hiyo. Hata Wakikuyu, walioletwa na kazi na ardhi kwenye miji yetu, walipopata ngoma yao kubwa ya baa na harusi waliiita mugithi, yaani treni, na wanaicheza wameshikana mabega mstari mmoja kama mabehewa. Mtu wa breki wa Meridian angejua mahali pa kujiunga.

Lakini mapenzi ya watu peke yake hayahifadhi kitu. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilipoikumba Nakuru na vitongoji vyake baada ya uchaguzi, nyumba zilichomwa, na ndani ya nyumba hizo kulikuwa na santuri. Nilikuwa nikizijua kwa majina. Mzee mmoja wa upande wa Njoro alikuwa na sahani za Kikuyu, za Kikalenjin na za Kiswahili zilizopangwa kwa mwaka. Hazipo tena, na yeye hakutaka kuanza upya. Wale waliochoma na waliochomewa walikuwa wamecheza nyimbo hizohizo kwenye harusi zilezile. Tangu hapo sisemi tena kwamba rekodi za nyimbo za kwetu zilizopelekwa mbali ziliibwa tu. Nakala iliyokaa Makhanda ilinusurika. Kosa ni kwamba ilikaa huko peke yake, bila nduguye kubaki huku.

Ndiyo maana urejeshaji uliofanyika katikati ya miaka ya 2010 una uzito kwangu. Maktaba ile ya Makhanda, pamoja na Singing Wells, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Ketebul Music ya Nairobi ikishirikiana na Abubilla ya London, ilizirudisha rekodi za Tracey vijijini. Tabu Osusa wa Ketebul na wenzake walifika Kapkatet wakiwa na picha, majina na nyimbo. Walimkuta Cheriyot arap Kuri akiwa hai, mzee aliyepita miaka 80, na wakamkabidhi sauti yake ya ujanani. Fikiria zaidi ya miaka 60 ulimwengu unausikiliza wimbo wako na wewe hujapata kuusikia. Fikiria pia watoto na wajukuu waliokuwa wakiambiwa kuwa babu aliwahi kuimba mbele ya mzungu, na leo wanasikia jinsi alivyokuwa hodari.

Katika kazi yangu, chombo kikirudi kwa mwenyewe ndipo hesabu inapofungwa. Ya Chemirocha bado haijafungwa. Nyimbo zimerudi kwa familia, na hilo lilikuwa la kwanza kwa haki. Linalofuata ni letu sisi wa kaunti hizi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, mwaka uleule Rodgers aliporekodi mara ya kwanza, na kila mwaka shule za Nakuru, Kericho na Bomet hufundisha watoto nyimbo za kienyeji kwa ajili yake. Mwalimu mwenye simu na spika ndogo anaweza kuwasikilizisha darasa Chemirocha III asubuhi moja, akawauliza watoto waseme wanasikia nini, kisha akamwita bibi wa jirani awafundishe namna ya kuitikia. Kaunti zenye bajeti za utamaduni zinaweza kununua mashine moja ya kunakili santuri, zikaajiri kijana mmoja mwenye subira, zikazunguka kwa wazee kabla mifereji haijalika yote. Ufundi wa kazi hiyo nitaufundisha bure kwa atakayekuja.

Na tunapoandika orodha ya nyimbo zilizoijenga Kenya, pale tunapomtaja Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka, tuandike pia Chemutoi Ketienya na Cheriyot arap Kuri wa Kapkatet. Jimmie Rodgers alipewa heshima yake huko Nashville mwaka 1961, mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa katika jumba la wakuu wa muziki wa kantri, na alistahili. Wenzake wa Kapkatet walimsikia kutoka upande wa pili wa dunia, wakamjibu kwa kinanda chao, kwa ngoma yao na kwa lugha yao, na jibu lao ni zuri kuliko nyimbo nyingi alizoziimba yeye mwenyewe. Wao nao wanastahili kutajwa kwa majina yao kamili, kama watunzi.